Nta Isiyochujwa

Mwanamkuu binti Saidi alikuwa amekwisha kubali. Hilo lijulikane mapema, maana wako watu pale Mtendeni, mjini Tabora, ambao mpaka leo wanasema yule mwanamke ni mbishi wa kuzaliwa, hata kivuli chake anakibishia. Maneno ya watu wenye nafasi hayo. Alibisha miaka mingi, kweli, lakini mwaka huu alikubali, na alimwambia ami yake, mzee Nurdini, kwa mdomo wake mwenyewe, amesimama kizingitini pa nyumba ya ukoo na mikono imejaa grisi.

"Sawa, ami. Mtajeni."

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Kila mwezi wa Shaabani, kabla ya mfungo kuingia, ukoo wao husoma hitima moja ya marehemu wote. Wanaume hujaa ukumbini, wanawake hukaa uani, ubani huwashwa, juzuu hugawanywa. Kisomo kikimalizika, mzee Nurdini huwataja wafu wao kwa majina, kuanzia babu aliyekuja na misafara ya pwani akakataa kurudi, mpaka mtoto mchanga aliyezikwa juzi. Hasomi mahali, wote anao kichwani. Na kila mwaka, akishamtaja kaka yake Saidi, hutua kidogo, akamtupia Mwanamkuu jicho kupitia mlango wa uani. Jicho lile lilikuwa linauliza: nimtaje na Majidi? Na kila mwaka Mwanamkuu alitikisa kichwa.

Majidi ni mdogo wake wa mwisho. Mama yao alifariki mtoto akiwa hajaota meno vizuri, na Mwanamkuu, aliyekuwa msichana wa shule, ndiye aliyembeba mgongoni. Alimbeba nyumbani, alimbeba sokoni, na alimbeba bandani kwa baba, kwa sababu mzee Saidi alikuwa fundi umeme wa magari na chakula chake cha mchana kilitakiwa kipelekwe. Basi mtoto alijifunza kutembea katikati ya betri na maboneti, na dada mtu, kwa kukaa pale akimchunga, akajikuta naye anajua nyaya. Aliolewa Nzega, ndoa ikamshinda, akarudi. Baba yake hakumuuliza neno. Alimwonyesha tu gari lililokuwa limeegeshwa na kusema taa za nyuma haziwaki.

Ufundi wa mzee Saidi ulikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwingine. Kila kiungo cha waya alichokifunga, kabla ya kukizungushia tepu nyeusi, alikichovya kwenye nta ya nyuki iliyoyeyushwa. Nta kwa Tabora si kitu cha kutafuta. Warina asali waliileta kwa baiskeli kutoka Itetemia na mbali zaidi. Ikishaganda juu ya waya, vumbi la kiangazi halipiti wala maji ya masika hayapiti. Lakini ina sharti lake. Lazima ichemshwe ichujwe kwa kitambaa, ipoe, halafu ichemshwe na kuchujwa tena, mpaka harufu yote ya asali iishe. Asali ikibaki, sisimizi wanakuja. Wanatoboa nta wanakula, na pale walipotoboa, mvua ikinyesha, maji yanaingia na shaba inaota kutu ya kijani.

Majidi hakuwahi kuichuja mara ya pili. Mkono Mungu alimpa, na mkono mzuri, ila subira alimpunja. Alikuwa mashoto. Mzee Saidi alihangaika naye utotoni. Kula, alikubali kulia mkono wa kulia, lakini koleo hakukubali, na mwisho baba akanyoosha mikono. Ndiyo maana kiungo cha Majidi ukikifunua utaona waya zimejisokota kinyume na za watu wengine wote. Na kwenye nta yake utakuta vipande vya sega. Mwanamkuu alimpigia kelele kila siku: "Chuja tena, wee! Utalisha sisimizi wa mji mzima." Majidi anacheka, anafunga tepu, anaimba.

Halafu akaondoka. Katika ukoo ule kwenda magharibi ni maradhi ya kurithi: babu yao alikwenda Ujiji kwa miguu akarudi na mke, na baba mkubwa mmoja alikwenda hakurudi kabisa. Majidi alidandia lori la kuchukua chumvi Uvinza, kwa matembezi ya wiki moja tu, alivyosema. Alipiga simu akiwa Uvinza. Akapiga akiwa Kigoma. Akapiga mara moja kutoka ng'ambo ya ziwa, sauti inakatika, akasema huku kuna magari mabovu kama nini, dada, fundi ni mfalme. Baada ya hapo namba ikawa haipatikani. Ng'ambo kule vita vikaja, vikaenda, vikaja tena. Mzee Saidi akaugua akafa akiuliza kama lori la chumvi limerudi.

Nitasema wazi jambo ambalo Mwanamkuu mwenyewe hakulisema kwa mtu. Kwa miaka ile yote, kila gari lililotoka magharibi likaja bandani kwake, hata kama limekuja kwa honi tu, alifunua boneti akatafuta kwanza viungo vya nyaya. Alipapasa kwa vidole palipofungwa tepu. Alikuwa anatafuta msokoto wa kushoto. Wateja walidhani ni uangalifu, wakamsifu. Haukuwa uangalifu, ilikuwa hamu. Alimkumbuka mdogo wake mpaka mgongo, pale alipokuwa akimbeba, ulikuwa unamuuma kwa utupu.

Mwaka huu alichoka. Mzee Nurdini alikuwa amemwambia neno ambalo lilimkata maini. "Mwanangu," alisema, "ikiwa yule mtoto amekufa, anangoja dua yetu. Wewe kila mwaka unamnyima." Neno lile halikumtoka kichwani. Alijiona amesimama njiani anazuia maji ya mtu mwenye kiu. Basi akakubali, na tangu siku ile akaacha kutafuta viungo.

Hitima ilikuwa imebaki siku ya kesho tu, wakati Octavian alipofika na gari lake dogo jeupe. Huyu ni kijana anayekaa karibu na Kipalapala. Analima mboga na kufanya biashara ya mawese na dagaa, anavifuata Kigoma na kuviuza Tabora. Gari lilifika bandani likirukaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hilo gari linacheza ngoma gani?"

"Mama, limenishinda. Nikikanyaga mafuta linazubaa, halafu linashtuka linaruka mbele. Taa ya injini inawaka, inazimika inavyotaka yenyewe. Nimeambiwa ni sensa ya throto, nikabadilisha. Likapona nusu siku. Nikabadilisha tena nyingine."

"Zote mpya?"

"Mpya kabisa."

Sensa ya throto ni kidude kidogo kilichokaa pale hewa inapoingilia kwenye injini. Kazi yake ni kuiambia kompyuta ya gari kwamba dereva amekanyaga kiasi hiki, basi toa mafuta kiasi hiki. Ikisema uongo, au ikinyamaza, kompyuta inabaki kubahatisha, na gari linakwenda kwa kubahatisha vilevile.

"Washa swichi, injini usiiwashe," Mwanamkuu alisema, akafunga kanga yake vizuri juu ya ovaroli, akachukua mita ya umeme ya baba yake. Ni mita ya zamani, ya mshale. Anayo nyingine ya tarakimu, lakini kwa kazi hii anapenda mshale, kwa kuwa mshale ukistuka unauona.

Sensa ile ina nyaya tatu. Wa kwanza unaleta umeme kutoka kwenye kompyuta. Akapima, volti tano, safi. Wa pili ni wa hasi. Akapima, hauna neno. Wa tatu ndio unaopeleka habari. Aliweka ncha ya mita hapo, akafungua throto kwa kidole polepole, na mshale ukapanda taratibu bila kusita mpaka karibu na juu, ukashuka taratibu vilevile.

"Sensa yako nzima," alisema. "Na zile ulizotupa nazo zilikuwa nzima."

Octavian alishika kiuno. "Sasa?"

"Sasa tukasikilize upande wa pili."

Aliingia chini ya dashibodi, mpaka kwenye soketi ya kompyuta, akaukamata waya uleule wa habari kwa mwisho wake mwingine. Akamwambia Octavian akanyage mafuta kidogo kidogo. Mshale ukapanda, ukafika katikati, ukaanguka. Ukatetemeka. Ukapanda tena. Alimwambia arudie, ukafanya vilevile.

"Umeona? Anayesema mzima, anayesikia mzima. Ubaya uko njiani," alisema, na hakuwa na fikra nyingine yoyote alipolisema hilo. Alikuwa anafanya kazi.

Alimpa Octavian kazi ya kuutazama mshale, pedali ameikanyaga nusu, yeye akarudi kwenye boneti akaanza kuvuta kifungu cha nyaya, shubiri kwa shubiri, kuanzia kwenye sensa. Alivuta, akatikisa, akauliza, "Umetulia?" na Octavian akajibu umetulia. Hivyo mpaka alipofika chini ya betri. Hapo alitikisa kidogo tu na Octavian akasema, "Umeanguka."

Alichana tepu kwa wembe. Kilichotoka kwanza ni sisimizi mmoja, ametembea juu ya kidole chake kwa haraka zake. Akafuata wa pili. Chini ya tepu palikuwa na bonge la nta, limetobolewa matundu, na ndani ya matundu shaba imeota ukijani. Mwanamkuu alikasirika kama anavyokasirika fundi yeyote akiona kazi ya kilipualipua, na mdomo wake, bila kumngoja, ukasema, "Si nilikwambia uchuje tena, wee!"

Halafu akasikia alichosema.

"Unasemaje, mama?" Octavian aliuliza kutoka ndani ya gari.

Mwanamkuu aliibandua nta kwa ukucha. Ilikuwa laini, inanukia asali ya miombo bado, na vipande vya sega vimekwama ndani yake. Nta ya mwaka mmoja haiwi hivyo. Sisimizi wangekuwa wamekwisha kumaliza utamu wote na kuhama. Hii ilikuwa ya kiangazi kilichopita. Chini ya nta waya zilikuwa zimesokotwa vizuri, kwa mkono mzuri, na zimesokotwa kwa kushoto. Mwanamkuu alikaa chini, palepale kwenye vumbi lenye oili.

Octavian alitoka garini akidhani amepigwa na shoti. "Mama, vipi? Nikuletee maji?"

"Hili gari ulilitoa wapi?"

"Nililinunua Kasulu kabla ya Krismasi. Kuna nini?"

"Aliyekuuzia ana simu?"

Octavian aliona uso wake, akaacha maswali, akapiga na kuifungulia simu sauti. Mtu wa Kasulu alianza kujitetea kabla hajaulizwa, kwamba gari alilitoa likiwa zima. Mwanamkuu alimwambia hana ugomvi naye, anataka kujua tu nani aliyeugusa waya wa chini ya betri.

"Ah, huyo. Huyo si fundi wa Kasulu, mama. Lilinizimikia Uvinza, wakati watu wanarina asali. Kulikuwa na jamaa mmoja pale anasubiri usafiri, akasema anaweza. Akaunga waya, halafu akauchovya kwenye kopo la nta. Nikamwambia, bwana, unanitilia nini kwenye gari? Akasema dawa ya kwao."

"Alisema kwao wapi?"

"Hakusema. Alicheka tu. Akasema kwao hiyo nta wanaichuja mara mbili, lakini yeye hana muda huo, na dada yake akiiona atamtukana."

Octavian alitazama pembeni. Mwanamkuu aliziba mdomo kwa upindo wa kanga, akakaa hivyo mpaka yule mtu akauliza kama simu imekatika.

"Akaenda wapi?" aliuliza.

"Alipanda lori la chumvi. Lilielekea Mpanda au lilirudi Kigoma, hapo nisikudanganye. Jina sikumuuliza."

Furaha ya namna ile ina ubaya wake, na ubaya ulifika kabla furaha haijakaa vizuri. Uvinza! Treni ya Kigoma inapita Uvinza na kuja mpaka stesheni ya Tabora. Mtu anapanda jioni, anaamka kwao. Majidi alisimama Uvinza, mzima, anacheka, anamtaja dada yake kwa mtu asiyemjua, halafu akapanda lori. Mwanamkuu aliligeuza jambo hilo huku na huku. Hata kifo cha baba yao hakijui. Au labda amekisikia mahali, na ndicho kinachomzuia. Nani ajuaye?

Kazi ilikuwa bado. Kiungo kile kilitakiwa kikatwe, na kwa mara ya kwanza tangu ajue kushika koleo aliona vigumu kukata waya. Lakini Octavian alikuwa na mzigo wake wa kupeleka, na gari bovu ni gari bovu hata likiwa limeguswa na mkono unaoupenda. Alikata kwa mbali, upande huu na upande ule, ili kiungo kitoke kizima pamoja na nta yake. Akaunga kipande kipya, akakilehemu kwa risasi, akakichovya kwenye nta yake iliyochujwa mara mbili, nyeupe, isiyonuka chochote. Kabla ya kufunga tepu alikitazama kidogo. Ikiwa siku moja Majidi atakifunua kifungu hiki, popote huko magharibi, ataujua mkono wa nani.

Octavian aliwasha gari, akakanyaga. Liliondoka kwa ulaini, bila kushtuka.

Jioni ile Mwanamkuu alikwenda kwa mzee Nurdini. Alimkuta barazani, anapanga mikeka na watu wa nyumbani kwa ajili ya kesho. Akamsalimu, akaketi, akakiweka kile kiungo kwenye kiganja cha mzee na kumsimulia yote.

Mzee Nurdini ni mtu wa kushona kofia; macho yake yamechoka, lakini vidole vyake vinaona. Alikipapasa. Aliufuata msokoto kwa kidole gumba, akaurudia kinyume kuhakikisha, na uso wake ukabadilika. Alikinusa.

"Mashoto huyu," alisema taratibu. "Saidi alimchapa mpaka akachoka." Kisha akauliza lile swali ambalo Mwanamkuu alikuwa analiogopa. "Mbona hakupanda treni?"

"Sijui, ami."

"Angekuwa anatutaka angepanda."

"Huenda." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Mimi siwezi kujua kinachomzuia, ami. Ninachojua ni kwamba alinitaja. Mtu akiniambia Majidi hanitaki nitakubali, lakini maiti hasemi kwamba nitamtukana. Nimemkatalia jina miaka yote bila ushahidi, nikaonekana mbishi. Leo ninao, nakuomba usimtaje."

Mzee alimrudishia kiungo, akaendelea na mikeka yake, na Mwanamkuu akaondoka bila kujua limekatwa shauri gani.

Kesho yake baada ya alasiri watu walijaa. Mvua ilikuwa imenyesha mchana, hewa imepoa, ubani unakwenda mpaka barabarani. Mwanamkuu alikaa uani na wanawake, kiungo amekiweka kwenye kisahani cha chai pembeni ya sinia la tende, kwa kuwa mke wa ami alitaka kukiona na wenzake walitaka kukiona pia. Juzuu zikamalizika. Mzee Nurdini akaanza majina. Babu wa misafara. Bibi wa Ujiji. Wajomba, shangazi, watoto. Saidi bin Majidi, baba yao.

Akatua. Jicho lake likapita mlangoni, likamfikia Mwanamkuu. Safari hii hakutikisa kichwa. Lake alikwisha kulisema jana, sasa alimtazama tu.

Mzee Nurdini akamtaja mama yao, akamtaja mtoto mchanga wa juzi, akafunga majina ya wafu. Kisha akainua mikono na kuingia kwenye dua ya walio hai, wagonjwa wapone, wenye mimba wajifungue salama.

"Na wasafiri wetu, ya Rabbi. Majidi bin Saidi, popote alipo, mlainishie moyo na njia, umrudishe kwao."

Ukumbi mzima ukaitikia amin. Uani, Mwanamkuu aliitikia kwa kuchelewa, peke yake, baada ya wote kunyamaza.

Tende zilipoanza kupitishwa, mke wa ami alishtuka. Sisimizi walikuwa wameshajua. Walipanga mstari kutoka kwenye ufa wa ukuta, wakapita mkekani mpaka kwenye kisahani, wamekizunguka kile kiungo. Akachukua kitambaa awapanguse. Mwanamkuu, ambaye maisha yake yote alikuwa adui wa sisimizi, alimshika mkono.

"Waache wale," alisema. "Atakuja kuichuja mwenyewe."